Simu ya mezani ikihamia kwenye intaneti: dalili, chanzo na pa kuanzia

Zahanati, shule, nyumba za wageni na ofisi nyingi zilizokuwa na simu ya waya zinahamia kwenye simu ya intaneti. Gharama inashuka, namba za ndani zinaongezeka bila kuchimba ukuta, na tawi la Arusha linampigia mtu wa Dar es Salaam kana kwamba yuko chumba cha pili. Halafu wiki ya kwanza malalamiko yanaanza, na kila mtu ana jibu moja: "Mtandao unasumbua."

Mara nyingi si mtandao, na hata ukiwa ndio wenyewe, kununua kifurushi kikubwa zaidi hakuponyi. Ili upate tatizo haraka, elewa kwanza kilichobadilika. Waya wa shaba ulikuwa unabeba vitu vitatu kwa mkupuo: umeme, wa takriban volti 48 kutoka kituo cha simu, wito, yaani kupiga, kuita na kukata, na sauti yenyewe. Simu ya intaneti imevitenganisha. Umeme unatoka kwenye soketi yako. Wito unapita kwa itifaki iitwayo SIP, kwa kawaida kwenye poti 5060 (poti ni kama mlango wenye namba). Sauti inapita kivyake kwa itifaki ya RTP, kwenye poti nyingine kabisa, na wakati mwingine hata kwa njia tofauti. Ndiyo maana simu inaweza kuita vizuri, ikapokelewa vizuri, halafu kukawa kimya.

Basi kabla hujagusa mpangilio wowote, jiulize kilichokufa ni kipi: umeme, wito au sauti? Nimeona mafundi wakibadilisha ruta, kebo na hata mtoa huduma kwa sababu hawakuanza na swali hilo.

Simu iko kimya, haina mlio wala dalili ya uhai

Kama kioo cha simu hakiwaki, hilo ni tatizo la umeme tu. Simu nyingi za IP zinauzwa bila adapta kwa sababu zinategemea kupata umeme kupitia kebo ya mtandao, mfumo unaoitwa PoE. Swichi ya kawaida ya mtandao, yaani kile kisanduku kinachogawa kebo za mtandao, haitoi umeme huo. Inabidi iwe swichi ya PoE (ile ya kiwango cha 802.3af hutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu) au ununue adapta ya kila simu. Kuna pia swichi ambazo nusu tu ya matundu yake ndiyo yenye PoE. Angalia maandishi mbele ya swichi kabla hujailaumu simu.

Kioo kikiwaka lakini kikaandika kwamba hakuna huduma, au alama ya laini ikawa na msalaba, simu imeshindwa kujisajili kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayoendesha wito. Hapo misimbo ya SIP ndiyo inayosema ukweli, na simu nyingi huionyesha kwenye ukurasa wake wa hali. 401 isikutishe: katika kujisajili, seva huijibu simu hivyo mara ya kwanza ili kuitaka ijitambulishe. Ikiendelea kurudi bila mwisho, au ikifuatiwa na 403, basi jina la mtumiaji au nenosiri si sahihi, au akaunti imefungwa. 408, au ukimya mtupu, maana yake ujumbe haukufika au jibu halikurudi. Hapo tazama anwani ya seva, DNS (mfumo unaogeuza jina la seva kuwa anwani ya namba) na fayawoli (kinga inayochuja mawasiliano).

Kuna jaribio rahisi linalookoa muda mwingi. Washa hotspot kwenye simu ya mkononi, weka programu ya simu ya SIP kwenye kompyuta au simu nyingine, ingiza akaunti ileile, kisha ujaribu kujisajili kupitia hotspot hiyo. Ikikubali, akaunti na seva ni nzima. Tatizo liko kwenye ruta yako au kwa anayekupa intaneti. Ikikataa, ruta haina kosa. Mpigie mtoa huduma wa simu. Jaribio hili usilifanyie Falme za Kiarabu. Kule simu za intaneti zisizo na kibali huzuiwa kwenye mitandao ya nchi, kwa hiyo kukataa kwake hakutakuambia lolote kuhusu akaunti yako.

Waliobaki na simu zao za zamani na kununua kisanduku cha kugeuza mawimbi, yaani adapta ya ATA, wana mitego yao. Kisanduku kinaweza kuwa na matundu mawili yanayofanana kama mapacha: moja limeandikwa Phone au FXS, la pili Line au FXO. Simu yako inaingia kwenye la kwanza. Ukiichomeka kwenye la pili, hutasikia mlio hata ukingoja mpaka jioni.

Mtego mbaya zaidi ni wa nyaya za ukutani. Mwenye nyumba anataka soketi zote za zamani zifanye kazi, kwa hiyo anachukua ATA na kuichomeka kwenye soketi ya sebuleni ili mlio uenee vyumba vyote. Wazo lenyewe si baya. Lakini kama laini ya zamani bado imeunganishwa kule nje, unaingiza kwenye ATA volti 48 za kituo, na simu ikiita unaongeza mkondo wa kuitia unaokaribia volti 90. Kisanduku kinaungua. Tenganisha kwanza nyaya zinazoingia kutoka nje, kwenye kile kisanduku cha mwanzo kabisa, pima kwa mita kuhakikisha hakuna volti, ndipo uchomeke.

Soketi zikifanya kazi, mnasikilizana vizuri, lakini kengele zinalia kwa unyonge au hazilii kabisa, umezidisha simu. ATA haina nguvu za kituo cha simu. Nyingi zinamudu kuliza simu tatu hadi tano. Ondoa moja moja mpaka kengele irudi. Na kama kuna mzee anayeipenda simu yake ya kuzungusha kwa kidole, mwambie mapema: mlio atausikia, ila ATA nyingi hazielewi upigaji wa namna hiyo.

Umeme ukikatika na simu inakufa

Hili si hitilafu, ndivyo ilivyoundwa, ingawa wauzaji wengi hawalisemi. Simu ya waya iliendelea kufanya kazi gizani kwa sababu betri zilikuwa kituoni. Sasa kila kiungo cha mnyororo kinataka umeme wako: kisanduku cha faiba, ruta, swichi, ATA au simu yenyewe. Kimoja kikizima, vyote vimezima.

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni UPS, yaani betri ya akiba, kuwekwa chini ya meza ya mhasibu, ikilinda kompyuta, huku kisanduku cha faiba kikining'inia koridoni kwenye soketi ya kawaida. Soma lebo za adapta zote za mnyororo ule, jumlisha wati, na utaona ni mzigo mdogo kuliko wa kompyuta moja. UPS ndogo ya volti 12 inaweza kuubeba kwa saa kadhaa, kwa kutegemea betri yake. Kwa anayeishi kwa LUKU, kumbuka kwamba tokeni zikiisha saa nane usiku simu nayo imeisha.

Umeme ukirudi na simu zisirudi, usianze kufuta mipangilio. Vifaa vyote vimewaka kwa wakati mmoja. Simu imetafuta seva kabla ruta haijapata intaneti, imeshindwa, sasa inasubiri muda wake wa kujaribu tena. Zima vyote, washa kisanduku cha faiba, kisha ruta, kisha swichi, mwisho simu.

Suala la dharura ni zito kuliko mengine yote hapa. Laini ya waya ilikuwa imefungwa kwenye jengo moja na anwani yake ikijulikana. Simu ya intaneti inaweza kujisajili popote, kwa hiyo anayepokea 112 Tanzania au 999 Kenya huenda asijue uko wapi, na si kila mtoa huduma anayepitisha namba hizo. Muulize kabla ya kusaini, na mapokezi pawe na simu ya mkononi yenye salio. Uingereza, ambako laini za shaba zinatarajiwa kuzimwa ifikapo Januari 2027, wasiwasi mkubwa ni wa wazee wanaovaa kitufe cha kuita msaada kinachotumia laini hiyo. Mdhibiti wa kule, Ofcom, anawataka watoa huduma wampe mteja anayeitegemea simu hiyo njia ya kupiga simu ya dharura kwa angalau saa 1 umeme ukikatika. Wenzetu wanaofanya kazi ya kutunza wazee kule, au wenye mzazi anayeishi huko, waulizie njia hiyo ya akiba. Inatolewa kwa anayeihitaji.

Mmoja anasikia, mwingine hasikii

Kwanza angalia kama kitufe cha kunyamazisha hakijabonyezwa. Ndiyo, najua. Angalia tu.

Sasa chanzo chenyewe. Ndani ya ofisi simu yako ina anwani ya kienyeji, tuseme 192.168.1.20. Anwani hiyo haina maana yoyote nje ya ruta yako. Simu inapopiga, inaandika ndani ya ujumbe wa SIP: "Sauti nileteeni 192.168.1.20." Seva ikiamini maneno hayo, inatupa sauti mahali pasipofikika. Wewe ukiongea, mwenzako anakusikia, kwa kuwa sauti yako inatoka bila kizuizi, yake hairudi. Kazi ya kutafsiri anwani inafanywa na ruta na inaitwa NAT, na karibu kesi zote za kusikia upande mmoja zinaanzia hapo.

Mtuhumiwa wa kwanza ni kipengele cha ruta kiitwacho SIP ALG. Kilibuniwa kusaidia: kinafungua ujumbe wa SIP na kurekebisha anwani zilizomo. Shida ni kwamba kwenye ruta nyingi kinarekebisha vibaya au nusunusu, na seva za siku hizi zina njia zao za kushughulikia NAT, kwa hiyo mnakuwa wawili mnaoshika usukani. Kizime. Hutafutwa kwenye kurasa za NAT, za usalama, au za mipangilio ya juu. Ruta nyingine hukificha kabisa, na za watoa huduma wengine zimefungwa hata huwezi kuingia. Hapo omba wakuzimie, au ubadilishe ruta. Ukishakizima, washa upya ruta pamoja na simu zote, maana miunganisho ya zamani hubaki kwenye kumbukumbu na kukudanganya kwamba hakuna kilichobadilika.

Ikibaki vilevile, hesabu ruta zako. Ofisi nyingi zina kisanduku cha mtoa huduma ambacho tayari ni ruta, halafu fundi akaongeza ruta nyingine nzuri nyuma yake. Anwani inatafsiriwa mara mbili. Mwombe mtoa huduma ageuze kisanduku chake kiwe daraja tu, ili ruta yako ndiyo ishike anwani ya nje.

Anayetumia ruta ya laini ya simu ya mkononi, 4G au 5G, ana tafsiri ya ziada asiyoiona, kwa kuwa kampuni ya simu inagawana anwani moja ya nje kwa wateja wengi. Ingia kwenye ruta, tazama anwani ya upande wa nje. Ikianzia 100.64 hadi 100.127, au ikianza na 10, uko nyuma ya NAT ya kampuni. Hapo huna cha kufungua wala kufunga upande wako. Tumia SIP juu ya TCP au TLS badala ya UDP (ni njia za kusafirisha ujumbe, huchaguliwa kwenye mipangilio ya simu), washa ujumbe mdogo wa kuamsha njia (nitaueleza chini), na uhakikishe seva ya mtoa huduma ndiyo inayopitisha sauti kati yenu.

Kuna ushauri mmoja wa mitaani nisiokubaliana nao: kufungua poti 5060 kwenye ruta na kuielekeza kwenye simu. Kama simu zako zinajisajili kwenye seva iliyo nje, hakuna haja hiyo hata kidogo, na unawafungulia wezi mlango. Nitarudi kwao.

Kujua tatizo liko ndani au nje, piga kutoka namba moja ya ndani kwenda nyingine, kisha piga namba ya majaribio inayokurudishia sauti yako mwenyewe. Kwenye mitambo ya FreePBX (mtambo ni mfumo unaogawa simu za ofisi) namba hiyo ni *43. Watoa huduma wengine wana yao. Ukijisikia, njia ya kwenda na kurudi ni nzima, na kosa liko kwa uliyempigia.

Inakatika, na inakatika kwa wakati uleule

Mwambie anayelalamika atazame saa ya simu na aandike kwenye daftari la mapokezi. Muda wa kukatika unamtaja mkosaji.

Ikikatika karibu sekunde 32 baada ya kupokewa, sauti haihusiki. Ni wito. Simu ikipokewa, upande mmoja hutuma "sawa" na kusubiri uthibitisho kutoka upande wa pili. Kanuni ya SIP inasema subiri mara 64 ya nusu sekunde, yaani sekunde 32, kisha ukate. Uthibitisho umepotea njiani, mara nyingi kwa sababu zilezile za NAT na SIP ALG. Tibu huko, usihangaike na kasi ya intaneti.

Ikikatika kwenye dakika 15 au 30 kamili, ni saa ya kikao. Seva nyingi huweka ukomo wa sekunde 1,800 na kutaka pande mbili zithibitishe katikati kwamba bado zinaongea. Uthibitisho huo usipofika, simu inakatwa. Mwombe mtoa huduma alinganishe mpangilio huo na wa kwako.

Ikikatika ovyo bila mpangilio, ndipo uanze kutazama intaneti yenyewe, Wi-Fi na kebo.

Napiga vizuri, ila mimi sipigiki

Simu imejisajili asubuhi. Ruta imefungua kijia kidogo cha majibu kurudi, kisha, kwa kuwa hakuna kilichopita, imekifunga baada ya sekunde 30, 60 au zaidi kidogo. Simu yenyewe imepangwa kujisajili upya baada ya sekunde 3,600, yaani saa nzima. Kati ya hapo seva ikituma wito, unagonga mlango uliofungwa. Ukipiga wewe, kijia kinafunguka tena, na kwa muda mfupi unapigika. Ndiyo maana watu wanasema "leo imekaa vizuri" halafu mchana imeharibika.

Dawa yake ni kupunguza muda wa kujisajili hadi sekunde 120 au 300, au kuwasha ujumbe wa kuamsha njia, unaozuia kijia kisifungwe, kila sekunde 20 hadi 30. Simu nyingi zina vyote viwili. Kabla ya hapo hakikisha kitufe cha usinisumbue hakijawashwa na simu haijaelekezwa kwingine.

Kuna kisa kingine chenye dalili hiyohiyo: namba ya zamani haijahama. Wateja wanapiga ile ya 022 iliyo kwenye kibao cha nje na kwenye risiti za miaka kumi, inaita kwenye soketi isiyo na simu. Usikate laini ya zamani mpaka namba hiyo iwe na mahali pa kwenda, ama kwa kuelekezwa kwenye namba mpya au kwa kuingizwa kwenye mtambo wako kupitia tundu la FXO. Ukitumia FXO, tazama jambo moja: mpigaji akikata, je, mtambo unajua? Laini ya shaba hutangaza kukata kwa mlio wa shughuli au kwa kugeuza nguzo za umeme. Mtambo usiposikia hivyo, laini inabaki imeshikwa na kila anayepiga baadaye anaambiwa inatumika. Pima mlio wa kituo chako na uuingize kwenye mpangilio. 425 Hz ni wa kawaida katika nchi nyingi.

Sauti inakatakata, mtu anaongea kama roboti

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Simu moja kwa kodeki (namna ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 inakula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande: 64 za sauti na zilizobaki ni bahasha zake. Kwa G.729 ni kama 31. Simu 10 za G.711 kwa pamoja hazifiki megabiti 1. Basi mbona mwenye kifurushi cha megabiti 20 anasikika kama yuko ndani ya pipa?

Kwa sababu sauti haihitaji njia pana, inahitaji njia isiyo na foleni. Kamera za CCTV zinazopandisha picha kwenye hifadhi ya mbali, simu ya mfanyakazi inayopakia video za harusi, kompyuta inayojisasisha: vyote hujaza upande wa kupandisha, ambao kwa kawaida ndio mwembamba. Pakiti za sauti, yaani vipande vidogo vya data, zinakaa nyuma ya mafaili hayo zikisubiri zamu. Faili likichelewa nusu sekunde, hakuna anayejua. Sauti ikichelewa hivyo, imekwisha.

Kuthibitisha, tuma pingi 100 (pakiti ndogo za majaribio zinazopima muda wa kwenda na kurudi) kwenda kwenye seva ya simu ofisi ikiwa tulivu, kisha 100 nyingine mtu akiwa anapandisha faili kubwa. Pakiti zinazopotea zisizidi 1 kati ya 100, na muda usipishane sana. Tofauti ya zaidi ya milisekunde 30 kati ya pakiti na pakiti huanza kusikika. Majibu yakiwa mazuri kwenye utulivu na mabaya kwenye kazi, una foleni.

Foleni haitibiwi kwa kuongeza njia tu. Inatibiwa kwa kuipanga. Kwenye ruta weka ukomo wa kupandisha uwe pungufu kidogo ya kasi halisi unayopata, tuseme asilimia 85 hadi 90, kisha zipe pakiti za sauti kipaumbele (simu nyingi tayari huzitia alama ya DSCP 46). Upungufu huo unawashangaza watu: kwa nini nijinyime kasi niliyolipia? Kwa sababu foleni lazima itokee mahali. Ikitokea kwenye ruta yako, wewe ndiye unayeamua nani apite mbele. Ikitokea kwenye kisanduku cha mtoa huduma, hakuna anayeijua sauti yako.

Kama pingi ni mbaya hata ofisi ikiwa tupu, chomeka kompyuta kwa kebo moja kwa moja kwenye ruta na urudie. Ikipona, Wi-Fi au kebo za ndani ndizo zenye shida. Simu ya mezani iwe kwenye kebo. Wi-Fi ya 2.4 GHz kwenye jengo lenye wapangaji kumi ni soko la Kariakoo saa sita mchana.

Kuna pia suala la umbali. Kama seva ya mtoa huduma wako iko Ulaya, unapompigia jirani wa mtaa wa pili sauti inakwenda chini ya bahari na kurudi. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, inapendekeza ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150, safari hiyo ya kwenda na kurudi inaweza kuumaliza muda huo wote, na dalili yake ni watu kuingiliana maneno na kusema "samahani, endelea wewe." Tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ya Afrika Mashariki iliyumba vibaya. Seva iliyoko nchini, kwa mtoa huduma anayebadilishana data na wenzake kwenye kituo cha TIX cha Dar es Salaam au KIXP cha Nairobi, haihitaji kuvuka bahari ili simu ya Kinondoni ifike Temeke. Uliza seva iko wapi kabla hujauliza bei.

Mwangwi

Ukijisikia mwenyewe, kosa kwa kawaida liko upande wa pili. Mwangwi ulikuwepo hata kwenye waya, ila ulirudi upesi kiasi cha kutoutambua. Ucheleweshaji ndio umeufunua. Mwambie mwenzako apunguze sauti ya spika au ashike mkono wa simu. Ukitokea tu kwenye simu zinazopita ATA au FXO, badilisha mpangilio wa ukinzani wa laini, ujaribu mmoja baada ya mwingine.

"Bonyeza moja" haibonyezeki

Unaipigia benki, unabonyeza 1, hakuna kinachotokea. Au unabonyeza 1 na inasoma 11. Milio ya vitufe inaweza kusafirishwa kama sehemu ya sauti, kama pakiti maalumu za RTP, au ndani ya SIP. Kodeki kama G.729 huikoroga milio iliyo ndani ya sauti. Chagua njia ya pakiti, ambayo kwenye menyu huandikwa RFC 2833 au RFC 4733, na uiweke hiyohiyo pande zote mbili. Namba zikijirudia, maana yake unatuma kwa njia mbili kwa wakati mmoja.

Faksi, mashine ya kadi, kengele ya wizi

Faksi inaweza kupita kwa T.38, itifaki ya faksi, au kwa G.711 ikiwa imepunguzwa kasi hadi 9,600. Inaweza, nasema. Ukurasa wa tatu utakwama siku ya zabuni. Piga picha hati, tuma kwa baruapepe. Mashine za zamani za kadi zinazopiga simu zibadilishwe na za laini ya simu ya mkononi au Wi-Fi. Kengele za moto, za wizi na simu ya ndani ya lifti usiziguse bila aliyezifunga kuthibitisha na kuzijaribu mbele yako.

Simu zinalia usiku, ukipokea hakuna mtu

Kioo kinaonyesha anayepiga ni 100, au 1000, au 1001. Si jini. Ni programu za wezi zinazozunguka intaneti nzima zikigonga poti 5060 kutafuta mtambo ulio wazi. Simu yako imejibu. Futa kila poti uliyoielekeza kwenye simu, washa mpangilio wa kupokea wito kutoka kwenye seva yako pekee, na ubadilishe poti ya ndani ya simu iwe tofauti na 5060.

Mlio wa usiku ni kero tu. Hasara inakuja wakipata nenosiri, kwa mfano namba ya ndani 201 yenye nenosiri 201. Watapiga namba za nje za bei ya juu mwishoni mwa wiki, ofisi ikiwa imefungwa, na Jumatatu unakuta deni. Kama ofisi haipigi nje ya nchi, mwambie mtoa huduma afunge simu za nje kabisa, na kama inapiga, aweke ukomo wa salio kwa siku.

Namba haiendi

Zamani ndani ya Dar es Salaam ulipiga tarakimu saba tu. Kwenye simu ya intaneti seva haijui uko mji gani; anza na 022, au +255 22. Simu ikikaa kimya sekunde kadhaa kabla ya kuita, inasubiri kuona kama utaongeza tarakimu. Bonyeza # baada ya namba, au rekebisha kanuni ya upigaji.

Ukilazimika kumpigia mtoa huduma

Usiseme "simu haifanyi kazi." Mpe saa na dakika ya simu tatu zilizosumbua, namba iliyopiga na iliyopigiwa, nani hakusikia, ilikatika sekunde ya ngapi, na kama jaribio la hotspot lilipita. Kama simu yako inaweza kurekodi pakiti, na nyingi zinaweza kupitia ukurasa wake wa mipangilio, rekodi simu moja mbovu na umtumie faili. Fundi wake atalifungua kwa Wireshark, programu ya kusoma pakiti, na kuona ni upande gani ulituma na upi haukujibu. Mkiongea kwa dakika mbili tu ndani ya rekodi hiyo inatosha, ila msitaje humo namba ya kadi wala habari za mgonjwa, maana sauti isiyosimbwa inasikika kwa yeyote anayelifungua.